Umeandikiwa bosentani kwa presha ya mapafu? Hivi ndo inavyotumiwa

Mie nauza dawa mjini Unguja, na kila baada ya muda anaingia mtu dukani na cheti kimeandikwa bosentani, au ambrisentani, au masitentani, ananambia nipe hii ya presha. Namuuliza presha ipi, anasema presha si presha tu. Hapo ndo kazi inapoanza, maana hizi dawa si za kuuziana kaunta kisha kila mtu akashika njia yake. Kumeza ni rahisi, kidonge kidogo tu, kazi ilioko ni kila kitu kilichozunguka kile kidonge. Basi leo nawaandikia nyie mnaouguza mtu nyumbani, mama, mke, mtoto mwenye tundu la moyo, mpate pa kuanzia mkishatoka kwa daktari.

Presha ya mapafu haionekani kwenye mashine ya mkono. Ile mashine inapima mishipa ya mwili, hii iko kwenye mishipa inotoka upande wa kulia wa moyo kwenda mapafuni, na mtu anaweza akapimwa mkononi akakutwa 110 kwa 70, safi kabisa, huku moyo wake wa kulia umeshachoka kusukuma. Dalili zake ndo zinazowachanganya watu: pumzi zinamwishia, miguu inavimba, kizunguzungu, mara nyengine anaanguka. Mtu anokaa ghorofa za juu pale Michenzani atakwambia zamani alikuwa anapanda na ndoo ya maji, sasa anasimama kila ngazi za katikati anashika ukuta, na watu wa nyumbani wanasema uzee au pumu au kakosa mazoezi. Kwa hivo usimpe amlodipini ya jirani, ile ya presha ya kawaida, ukategemea kitu. Wapo wachache sana wanaotibiwa na dawa za jamii hiyo, lakini hao wamefanyiwa kipimo maalumu cha kujua kama mishipa yao inaitika.

Sasa dawa yenyewe inafanya nini. Mwili wenyewe unatengeneza kitu kinaitwa endothelini, kinatoka kwenye utando wa ndani wa mishipa ya damu, kiligunduliwa 1988 Japani na Masashi Yanagisawa na wenziwe, na kazi yake ni kuubana mshipa, tena unabana kwelikweli. Kwa watu wenye ugonjwa huu kinakuwa kingi, mishipa ya mapafu inabanwa mchana na usiku, na si kubanwa tu, kuta zake zinaota nyama zinakuwa nene, njia inazidi kuwa nyembamba. Endothelini haifanyi kitu mpaka ipate pa kukaa kwenye ule mshipa, na pa kukaa penyewe kuna aina mbili, zinaitwa A na B. Hizi dawa zinafanya kama abiria alowahi daladala asubuhi akakaa kwenye kiti, endothelini inapanda inakuta kiti kina mtu, inabaki inaning'inia mlangoni haina la kufanya. Ndo maana hizi dawa hazipunguzi endothelini kwenye damu, zinaizuia isifanye kazi, na ukiacha kumeza viti vinakuwa wazi tena. Bosentani na masitentani zinakaa viti vyote viwili, ambrisentani inapendelea A.

Na zinasaidia kiasi gani? Bosentani ndo ya mwanzo ya vidonge vya ukoo huu, Marekani waliipitisha 2001, na utafiti uliochapishwa mwaka wa pili yake uliwachukua wagonjwa 213, baada ya wiki 16 wale walokuwa kwenye dawa walikuwa wanatembea mita 44 zaidi kwa dakika 6 kuliko wale walopewa kidonge kisicho na dawa ndani. Mita 44 wewe mzima unaziona si kitu, lakini kwa mtu ambaye kutoka chumbani mpaka chooni ni safari, hiyo ni tofauti ya kukoga mwenyewe na kukogeshwa. Masitentani ilikuja 2013, wagonjwa 742, na pale waliangalia jambo kubwa zaidi, nani hali inazidi kuwa mbaya au anafariki, na waliotumia miligramu 10 hatari hiyo ilipungua kwa asilimia 45. Haiponyeshi. Nasema hili wazi kwa sababu kuna watu wakiona mgonjwa kapata nafuu mwezi wa tatu wanaacha kununua.

Kabla hujatoa hata shilingi, muulize daktari swali moja: mgonjwa wangu ni kundi la ngapi? Presha ya mapafu ina makundi 5 na hizi dawa ni za kundi la 1, ile ya mishipa ya mapafu yenyewe, iwe imekuja bila sababu, au inatokana na tundu la moyo la kuzaliwa, au VVU, au magonjwa kama ya ngozi kukakamaa. Kundi la 2 linatokana na moyo wa kushoto, na huku kwetu watu wengi wana vali zilizoharibika kwa homa ya rumatiki ya utotoni, huyo anataka kutibiwa vali, na ukimpa bosentani unaweza kumjaza maji tu ukamzidishia. Kundi la 3 ni mapafu mabovu, la 4 ni damu iloganda kwenye mapafu, hilo lina njia zake hata la upasuaji, la 5 ni mchanganyiko. Eko ya moyo, ile picha ya mawimbi ya sauti, inatoa fununu tu. Kipimo cha kukata shauri ni ule mrija mwembamba unaoingizwa kwenye mshipa mpaka moyo wa kulia unasoma presha kwa ndani, ikizidi 20 kwa wastani ndo inahesabiwa imepanda (zamani ilikuwa 25), halafu wanaangalia na hesabu nyengine. Kwa sisi wa visiwani mara nyingi maana yake ni kuvuka Dar kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Najua ni gharama, nauli ya boti, pa kufikia, mtu wa kukaa naye, lakini kununua dawa ghali miaka na miaka kwa ugonjwa ambao sio wake ni gharama zaidi.

Haya, kundi ni la 1, dawa umeandikiwa. Kabla ya kidonge cha mwanzo kuna vipimo vitatu: ini, wingi wa damu, na kama ni mwanamke wa umri wa kuzaa, mimba. Usikubali kuanza bila ya hivi, hata kama dawa ishanunuliwa na mgonjwa anahema.

Bosentani kwa mtu mzima kawaida inaanza miligramu 62.5 asubuhi na 62.5 usiku kwa wiki 4, halafu ikiwa ini liko sawa inapandishwa 125 asubuhi na 125 usiku. Watoto wanapewa kwa uzito, usimkatie mtoto kidonge cha mkubwa kwa kukisia. Ambrisentani ni mara moja kwa siku, 5 au 10. Masitentani 10 mara moja basi. Unaweza kuzimeza na chakula au bila chakula. Ukisahau, meza pale ulipokumbuka, lakini kama ya pili imeshakaribia iache hio ilopita, usimeze mbili kwa pamoja ukijidai unalipa deni.

Nunua daftari la skuli, lile la kurasa 40 linatosha. Chora mistari: tarehe, asubuhi kameza, usiku kameza, uzito, miguu, pumzi. Uzito mpime kila asubuhi akishatoka chooni kabla hajanywa chai, mzani uleule, nguo nyepesi zilezile. Miguu mbonyeze kwa kidole gumba juu ya mfupa wa mbele wa ugoko, uhesabu mpaka tano taratibu, uachie: ikibaki shimo andika shimo, na andika limefika wapi, kifundo, katikati, au gotini. Pumzi andika kwa kitu anachokifanya kweli, amefagia uwanja, amefika msikitini bila ya kusimama, amesimama mara mbili. Daktari ukimwambia "hajambo kidogo" hapati kitu hapo, lakini ukimfungulia daftari akaona kilo zimepanda mbili ndani ya siku chache na shimo limepanda kutoka kifundo hadi gotini, anajua la kufanya saa hiohio.

Ini sasa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo panapoharibika. Anotumia bosentani anapimwa ini kila mwezi. Kila mwezi, sio mwezi akijisikia vibaya, maana ini linaanza kuumia kimyakimya na mtu anakula na kucheka. Karibu mtu 1 kati ya 10 vimeng'enya vyake vya ini vinapanda zaidi ya mara 3 ya kawaida, na wengi wanarudi sawa ikipunguzwa dozi au kusimamishwa, ila lazima ijulikane mapema. Kwenye karatasi ya maabara tafuta ALT na AST, ndo hivyo vimeng'enya vyenyewe, pembeni yake kuna kiwango cha juu cha kawaida cha maabara ile. Tuseme kiwango ni 40. Ikivuka 120 mrudishe kwa daktari, atarudia kipimo na ikithibitika atapunguza au atasimamisha, na utapima kila wiki mbili. Ikivuka 200 inasimamishwa. Ikivuka 320 ndo basi, dawa hio hairudi tena kwake. Na namba zikiwa zozote zile, ukiona macho ya njano, mkojo rangi ya chai ya rangi, kichefuchefu, tumbo linauma upande wa kulia juu, hamu ya kula imekatika, unakwenda spitali siku hio. Madaktari hawatii watu hofu bure, ilikuwepo dawa ya ukoo huuhuu ikiitwa sitaksentani ikaondolewa sokoni 2010 kwa sababu ya watu kufa kwa ini. Ambrisentani na masitentani haziliumizi sana ini kama bosentani, lakini kipimo cha mwanzo kinabaki palepale. Na wingi wa damu pia upimwe, kwa bosentani baada ya mwezi 1, baada ya miezi 3, kisha kila miezi 3, kwani zote hizi zinaweza kupunguza damu.

Na sasa yale ya kutochanganya, hili ndo eneo langu mie. Mgonjwa wa sukari anotumia glibenklamidi, ile Daonil wanayopewa wazee wengi tu, haitakiwi kabisa pamoja na bosentani, ini linaumia na hata sukari haishuki vizuri, abadilishiwe. Siklosporini, ile ya kushusha kinga wanayopewa walopandikizwa figo, vilevile marufuku. Wafarini ya kulainisha damu inapungua nguvu, kwa hivo kipimo cha damu kuganda kirudiwe bosentani ikianza au ikibadilishwa. Dawa za TB zenye rifampisini na baadhi ya dawa za VVU zinavuruga kiasi cha bosentani mwilini, kwa hivo watu wa kliniki ile nao waambiwe, usiseme huku ni moyo kule ni TB hawahusiani. Na mitishamba. Najua, mama mkwe kaleta chupa kutoka shamba, imechemshwa mizizi saba na inasafisha damu, na huwezi kumkatalia usoni. Ipokee, mshukuru, iweke kabatini, mgonjwa asinywe. Ini lililobeba bosentani halina nafasi ya kitu ambacho hatujui ndani kuna nini.

Mimba. Hizi dawa zote tatu zinaharibu mtoto tumboni, na hata bila ya dawa mimba yenyewe kwa mwenye presha ya mapafu inahatarisha maisha ya mama. Kwa hivo kinga ya uzazi iwepo kabla ya kuanza, kipimo cha mimba kila mwezi, na kinga iendelee mwezi mzima baada ya kuacha dawa. Kuna mtego hapa, bosentani inadhoofisha vidonge vya uzazi, sindano na vijiti pia, kwa hivo anotegemea homoni peke yake hajakingika, lazima iongezwe njia ya pili. Mume aitwe kliniki aambiwe na daktari mwenyewe, msimwachie mke peke yake kwenda kulieleza chumbani, hasa kama ndo kwanza wameoana na nyumba nzima inasubiri mtoto. Hata dada wa nyumbani mwenye mimba asishike kidonge kilichovunjika au unga wake, na usimponde mgonjwa kidonge kwenye kinu kwa sababu hawezi kumeza. Ambrisentani haikatwi wala haitafunwi. Wanaume nao hizi dawa zinaweza kupunguza mbegu, kijana anotaka watoto alizungumze mapema.

Wiki za mwanzo kichwa kinaweza kuuma, pua inaziba, uso unapata joto, hayo mengi yanapita. Miguu kuvimba ndo inotaka jicho, zaidi kwa ambrisentani, na kwa wazee. Hapa chumvi inaingia. Mtu anameza dawa ya mkojo, ile ya kutoa maji mwilini, asubuhi halafu mchana ng'onda na achari, jioni urojo wenye bajia na chipsi za muhogo, usiku anashangaa viatu haviingii. Samaki mbichi wa kuchoma kwa ndimu na pilipili ana ladha zake, supu jipikieni wenyewe bila vile vidonge vya mchuzi. Kiasi cha maji ya kunywa kwa siku muulize daktari, wengine wanawekewa mpaka.

Ramadhani ikikaribia watu wananiuliza sana. Ambrisentani na masitentani hazina shida ya saa, futari moja inatosha. Bosentani inaweza kugawika daku na futari. Tatizo ni ile dawa ya mkojo pamoja na jua letu, mtu anakauka, presha ya mwili inashuka, anaanguka. Kwa hivo aende kwa daktari Shaabani, wapange, na akiambiwa usifunge basi asifunge, mgonjwa ana ruhusa yake kwenye dini wala haina haja ya kujificha kula.

Jengine linaloleta aibu dukani. Mara nyingi bosentani au ambrisentani haiji peke yake, inakuja na sildenafili au tadalafili, kwa sababu ule mshipa unabanwa kwa njia zaidi ya moja na dawa mbili zinaziba njia mbili, utafiti wa 2015 wa ambrisentani na tadalafili pamoja tangu mwanzo ulionesha wanafanya vizuri kuliko walopewa moja. Sasa sildenafili ndo ileile Viagra, na bibi wa miaka 60 akija na cheti vijana wa kaunta wanaangaliana. Ni dawa ya mapafu, imepitishwa kwa kazi hio tangu 2005, dozi yake ya kawaida ni 20 mara tatu kwa siku. Bibi asione haya, na vijana wawe na adabu. Kitu kikubwa cha kuogopa hapo ni hiki: asichanganye na vile vidonge vya kuweka chini ya ulimi kwa maumivu ya kifua, presha itashuka ghafla mno.

Kupata dawa ndo mtihani. Duka la kwanza utakaloingia huenda hawana, mara nyengine Unguja nzima unazunguka. Agiza mapema, mimi nawaambia wateja wakibakiwa na za wiki tatu waanze kutafuta, wa Pemba zaidi, maana kusi ikikaza boti hazitoki na huna la kufanya umekaa Mkoani unaangalia bahari. Za kutengenezwa India zisizo za kampuni asili ni sawa na zinapunguza bei sana, lakini nunua mahali penye leseni, angalia tarehe ya kuisha na kama boksi limefunguliwa. Anayeletewa na jamaa kutoka nje aende kwanza ZFDA, wakala wa chakula na dawa Zanzibar, aulize karatasi gani zinatakiwa, asisubiri kuzuiliwa uwanja wa ndege. Kama una bima uliza kabla kama dawa hii imo, na uombe daktari akuandikie ripoti yenye jina la ugonjwa kamili, sio neno presha peke yake. Na pesa zikikatika usikate dawa kimyakimya, hali inaweza kurudi nyuma haraka. Nenda kaseme, daktari anaweza kuishusha taratibu au kukubadilishia iliyo rahisi.

Ya mwisho kuyaweka ukutani jikoni: akizimia, pumzi zikibadilika ghafla, midomo ikigeuka rangi, akikohoa damu, kilo zikipanda mbili kwa siku chache, macho ya njano, au wiki za mwanzo za dawa pumzi zinakuwa mbaya badala ya nzuri (kuna aina ya ugonjwa huu ambayo dawa inajaza maji mapafuni), usingoje kliniki ya mwezi. Mnazi Mmoja kwa wa Unguja, Abdulla Mzee kwa wa Mkoani, usiku au mchana. Chukua daftari, chukua na maboksi yote ya dawa anazomeza, maana daktari wa zamu wa usiku huenda bosentani hajaiona hata siku moja, akisoma boksi atajua.